Viota Arobaini na Tatu

Hapana, Khalfani, hilo sikubali, na usinambie nipoze roho. Umesema mbele ya watu, kwenye chakula cha kuniaga pale Qurum, hapa Maskati, sahani ya biriani mkononi, kwamba sisi tulikuwa tunakwenda kusini kwenye barafu kutembea tu, na kuhesabu pengwini kwa macho ni kazi ya watu waliokosa kompyuta. Watu wakacheka. Mie sikukujibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa nyama, na hiyo ilikuwa bahati yako. Sasa mdomo mtupu. Kaa usikilize, na wenzio walioingia ofisini mwaka huu wakae pia.

Kwanza hilo la kuniita mtu wa zamani. Nna miaka thelathini na tisa. Nimestaafu kwa ajili ya vidole, si umri. Vidole vyangu vikiguswa na baridi vinageuka vyeupe kama chaki, havirudi mpaka nivitie kwenye maji ya uvuguvugu, na daktari kanambia nikirudi kule tena ntarudi navyo vichache. Hata supamaketi, nikifika kwenye friza la samaki, natia glovu. Wauzaji wananifuata nyuma wakidhani nnaiba.

Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa Hamriya, kwenye duka la jumla la kuku wa barafu. Skuli nlimaliza, chuo sikwenda, na sioni haya. Pale nlijifunza kitu kimoja, na nlijifunza kwa khasara: friza halifi ghafla. Friza linaugua kwanza. Linatoa jasho mlangoni, mpira wake unakakamaa, mashine inabadilisha sauti. Mie siku ya kwanza niliyasikia yote hayo nkayapuuza, na asubuhi ya pili kuku walikuwa wanaelea. Tangu siku ile nikipita penye friza lolote nalitegea sikio, kama mama anavyomsikiliza mtoto mwenye kifua.

Ofisi yetu, kabla nyinyi hamjaijua, ilikuwa vyumba vitatu na friza moja kubwa la kuwekea sampuli za ndege kutoka visiwa vya baridi: damu, vijiti vya pamba vilivyopitishwa kooni, manyoya. Siku moja likaanza kupiga kengele. Fundi aliyezoea kulitengeneza alikuwa kasafiri, wakapiga simu dukani kwetu, nkatumwa mie. Nkalikuta limesukumwa mpaka ukutani, halipumui, mpira wa mlango umeganda upande mmoja. Nkalivuta, nkauyeyusha mpira kwa kitambaa cha maji moto, nkaukausha, nkalifunga. Kengele ikanyamaza. Nyuma yangu kasimama mwanamke mfupi, mwembamba, buibui lake limekunjwa mikono.

"Nani kakufundisha?" akaniuliza.

"Kuku," nkamjibu.

Hakucheka. Akaniuliza jina. Nkamwambia Nasra. Akaniuliza nimeona nini tena humo ndani. Nkamwambia nimeona karatasi za majina zimeanguka kwenye vichupa kwa sababu mtu kaandika kwa kalamu ya wino na gundi ya karatasi haistahamili baridi, na sasa hamjui damu ipi ya ndege yupi. Hapo ndipo akacheka. Huyo ndiye Bi Rayya. Daktari wa wanyama, watu wake wa Unguja kama wangu, na ukimkosea hapandishi sauti. Anakwita jina lako, la baba na la babu, polepole, basi unatamani akupige. Mwezi ule ule nkahama kwenye kuku.

Sikuajiriwa kuhesabu ndege. Niliajiriwa kulinda friza. Kuhesabu nilijifundisha nyumbani, Hail, juu ya kitanda, kwa picha alizozitupa Mutua. Mutua ni Mkamba wa Kenya, alikuja Maskati kutengeneza eyasii za kupozea nyumba, akaishia kurusha droni na kufufua majenereta. Ijumaa sisi tukienda msikitini yeye anakwenda kanisani, maana huku hata kanisa husali Ijumaa, na sote tunarudi kula wali mmoja. Picha zisizo wazi alikuwa anazitupa, mie nazichukua. Naweka nukta ya kalamu kwa kila ndege aliyekalia kiota. Kingereza cha vitabu vya ndege nlikipata hivyo hivyo, neno moja moja, na hadi leo kuna maneno ya matumbo ya ndege nnayajua kwa Kingereza na siwezi kuagiza chai kwa lugha hiyo nikaletewa ninachotaka. Baada ya mwaka Bi Rayya akanipeleka kwenye visiwa vya huku kwetu kuhesabu vibaramawimbi, ndege wadogo wa baharini, kwenye jua la Juni, mawe yanachoma kupitia viatu. Nkahesabu mara tatu, nkampa tarakimu tatu.

Akasema, "Mbona hazifanani?"

"Kwa sababu sijazifananisha."

Basi. Msimu uliofuata nkenda kusini.

Siku ya kwanza kule, acheni mambo ya theluji na uzuri, jambo la kwanza ni harufu. Kundi la pengwini linanuka kama papa mbichi aliyesahauliwa kwenye buti la gari mwezi wa Julai. Kinyesi chao cha waridi kinaingia kila mahali, na kabla ya kuingia na baada ya kutoka unasugua mabuti kwa brashi kwenye ndoo ya dawa, kila mshono, kila mfereji wa soli, kwa sababu ugonjwa unapanda mabuti bure bila tikiti. Betri za droni unazilaza kwapani. Unaandika kwa penseli. Unatembea umeinama, huwi mrefu kuliko jiwe, na pengwini akikuangalia kwa jicho moja unasimama mpaka akuchoke.

Halafu kuna skua. Ni ndege mkubwa wa kahawia, umbo kama shakwe aliyelelewa vibaya, anaiba mayai na vifaranga. Ukikaribia eneo lake anakushukia kichwani. Mutua kapigwa mpaka akawa anavaa kofia ya pikipiki. Bi Rayya akatufundisha jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote nlichokisoma: usimwogope skua anayekupiga. Mwogope asiyekupiga. Skua anayekuacha upite ni mgonjwa.

Sasa hayo niliyataka yakae kichwani mwenu, maana nnakuja kwenye msimu wa nne.

Kanuni ya Bi Rayya ilikuwa kila kundi linahesabiwa mara tatu, kutoka pande tatu. Msimu ule, siku ya hesabu ya kwanza, baridi ilikuwa imekamata kila kitu. Droni ya Mutua ikagoma kuruka. Kile kidude cha chuma cha kubofya, ambacho kila kubofya ni ndege mmoja, springi yake ikaganda. Bi Rayya akatia mkono kwenye koti akatoa tasbihi yake ya mbao.

"Yallah," akasema. "Punje moja kiota kimoja. Ndani ya glovu. Nikimaliza mzunguko ntasema, wewe piga mstari."

Akahesabu. Mie nyuma yake na daftari. Kila akisema "mzunguko" napiga mstari. Upande wa tatu ulikuwa umekaribiana na ule wa kwanza na wa pili, tukauchukua huo: mizunguko arobaini na mbili na punje kumi na tisa. Jioni hemani nkaisafisha hesabu kwenye fomu, nkaandika viota elfu nne mia mbili na kumi na tisa.

Siku kumi baadaye hewa ikalegea. Droni ikaruka, kidude kikabofya, tukahesabu tena. Elfu nne mia moja sabiini na sita. Viota arobaini na tatu havipo.

Kupotea viota ni kawaida, nataka mfahamu. Lakini tufani haikupiga. Na asubuhi ile ile Bi Rayya alikuwa kapita penye dimbwi la maji matamu akaona skua watatu wamekaa, shingo imepinda, bawa moja limelegea, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kumpiga. Akavaa vazi la kujikinga, akapitisha vijiti vya pamba, akaviweka kwenye friza langu dogo. Majibu ya mafua ya ndege yangechukua siku, maana lazima vijiti vyende maabara kwa meli. Na meli ya wageni, watu waliokuja kupiga picha, ilikuwa siku tatu kutoka pwani yetu.

Mkuu wa kambi alikuwa mzungu mmoja mrefu, si mtu mbaya. Bi Rayya akamwomba aifunge pwani, asishuke mtu.

"Skua watatu," yule mkuu akasema. "Nikifunga, wenzenu wa kundi la pili hapa kambini nao hawatashuka, na msimu wao umekwisha. Nipe kitu zaidi."

Bi Rayya akampa viota arobaini na tatu. Akaifunga.

Kundi la pili walikuwa wanachukua vipimo vya udongo, wamengoja miaka kupata nafasi ile. Wakaghadhibika, na nawaelewa. Kwenye hema la kulia mmoja wao akasema kwa sauti, sote tunasikia, kwamba amewazunguka pengwini wote na hajaona mayai arobaini na tatu yaliyovunjika wala mzoga hata mmoja. Akasema kama bibi anahesabu kwa shanga, mtarajie nini.

Nkasimama. Kikombe changu kilimwagika, sikukimwaga mie, meza ndiyo iliyosogea. Nkamwambia kwa Kingereza changu cha matumbo ya ndege kwamba Bi Rayya hakosei, kwamba mwanamke huyu kahesabu ndege tangu yeye anahesabiwa meno na mamake, na kama anataka kumtukana atoke nje tutukanane vizuri. Mutua akanishika mkono wa koti.

"Dada, kaa chini. Huyu ni mtu wa mchanga. Atatubishia nini?"

"Sikai."

"Basi simama, lakini wacha hicho kijiko."

Bi Rayya alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Hakunyanyua kichwa.

Siku ya pili, baada ya kusali laasiri, nkakaa kwenye mkeka kuvuta uradi, zile dhikri za baada ya sala, kwa tasbihi. Mnajua wenyewe inavyokwenda: thalathini na tatu, thalathini na tatu, thalathini na tatu. Punje zimekwisha, tisini na tisa. Ya mia huna punje yake. Unaitamka kwa mdomo, unakamilisha. Tangu nna miaka saba mama kanifundisha hivyo, na kwangu tasbihi ikizunguka mara moja ni mia. Sijapata kuifikiria vyengine.

Ulimi ukakwama pale pale kwenye ya mia.

Bi Rayya alikuwa hasemi uradi kule nje. Alikuwa anahesabu viota. Punje tisini na tisa, viota tisini na tisa, mzunguko. Mie ndiye niliyezidisha kwa mia. Kila mstari nimeupa kiota kimoja ambacho hakipo, na mistari ilikuwa arobaini na mbili. Nkachukua penseli nkafanya hesabu mara tatu, kama kwamba ntapata jibu jengine. Elfu nne mia moja sabiini na saba. Kiota kimoja tu ndicho kilichopotea kwa siku kumi. Kile kimoja skua kakila akakinywea maji, jambo la kawaida kabisa.

Nawaambieni kweli kilichonijia kichwani. Hakikunijia kitu kizuri. Nilijiambia: nyamaza. Pwani imefungwa, na ndiyo inavyotakiwa kufungwa. Anayejua ni mie na Mungu. Ukisema, yule mtu wa mchanga atacheka, pwani itafunguliwa, wageni mia watakanyaga penye skua wagonjwa na mabuti yao yatapeleka maradhi kisiwa cha pili, na Bi Rayya ataitwa bibi wa shanga mpaka afe. Nikinyamaza, nani kaumia?

Nkenda hemani kwake. Alikuwa anashona glovu.

"Bi Rayya, tasbihi yako ina punje ngapi?"

"Tisini na tisa. Kwani imepotea?"

"Mie nimeandika mia."

Sindano ikasimama.

"Mia? Ya mia umeitoa wapi?"

"Mdomoni," nkasema.

Akaelewa. Nliiona inaingia. Mdomo wake ukataka kucheka ukajizuia. Kisha akaniambia nimletee daftari, akapitisha mistari kwa ncha ya sindano, mmoja mmoja, hadi arobaini na mbili. Akanirudishia.

"Haya. Nenda kamwambie mkuu."

"Bi Rayya, tukinyamaza ndege wamesalimika."

"Nasra binti Said bin Juma," akasema, polepole. Nkajua nimekwisha. "Mwakani atakuja mtu ahesabu, ataanzia kwenye tarakimu yako. Atatafuta ndege ambao hawakuzaliwa. Na ule mdomo wako wa jana, ulioniapia hemani kwamba sikosei, ulikuwa unanitetea au unajitetea?"

"Nakutetea."

"Kwa uwongo hunitetei. Nenda. Na mie nakuja, nisije nikasikia umempiga mtu."

Wakati wa chakula cha jioni, jua bado liko juu kama la Maskati saa tisa, nkasimama mahali pale pale niliposimama na kijiko. Nkasema kosa ni langu, si la Bi Rayya. Nkawaeleza tasbihi, punje, ile ya mia. Kuwaeleza watu wa mchanga uradi wa baada ya sala kwa Kingereza changu, Mungu ndiye ajuaye walifahamu nini. Lakini tarakimu walizifahamu. Yule aliyesema shanga akaangalia sahani yake. Nilingoja acheke. Hakucheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, ingawa simpendi.

Mkuu akaisogeza sahani yake. Kisha akamgeukia Bi Rayya.

"Basi nimeifunga pwani kwa kitu gani?"

"Kwa skua watatu," Bi Rayya akasema. "Na jina langu. Andika jina langu."

"Viota viko salama."

"Viota ndiyo. Mie sikuombi ufunge kwa sababu wamekufa. Nakuomba ufunge kabla."

Ndipo Mutua akanyanyua mkono, kama yuko darasani. "Boss, naomba niseme kitu. Hiyo skua ya kwa dimbwi imenigonga kichwa kila siku wiki mbili. Kila siku. Helmeti navaa sababu yake. Leo nimepita hapo nikiwa nimevua, imeniangalia tu, kama mtu wa mapokezi. Hiyo ndege si mzima. Mimi hesabu sijui, lakini hiyo najua."

Watu wakacheka, na mkuu naye akacheka, halafu akaacha kucheka akavuta karatasi. Akayakata yale maneno ya viota arobaini na tatu kwa mstari mmoja. Akaandika skua watatu. Akaandika jina la Bi Rayya, na chini yake, bila kuniuliza, akaandika langu. Pwani ikabaki imefungwa. Meli ya wageni ikageuzwa ikaenda kwengine, na kundi la pili wakakaa siku tisa wanacheza karata na kutununia.

Majibu yakaja. Skua wawili kati ya watatu walikuwa nayo mafua ya ndege. Msimu ule skua wengi walikufa upande ule wa dimbwi, tukawa tunawahesabu kwa mavazi ya kujikinga, na kuwahesabu waliokufa ni kazi ninyi bado hamjaijua na siwaombei. Pengwini wetu walitoa vifaranga. Sisemi tuliwaokoa sisi. Ndege hawasomi ripoti. Nasema tu kwamba hakuna mabuti machafu yaliyoikanyaga pwani ile, kwa sababu hakushuka mgeni hata mmoja.

Nilifanya misimu mitano zaidi baada ya hapo, na kundi lile nalijua kama najua majirani zangu wa Hail, pengine zaidi, maana majirani wanafunga mageti. Nimebeba sampuli katika meli inayopindua tumbo bila ya hata moja kuyeyuka. Nimewafundisha watu wanne kusugua mabuti, na mmoja wao sasa ndiye anayewasugulisha nyinyi. Bi Rayya keshaacha kazi kabla yangu. Nikenda kwake ananipa kahawa na kuniuliza khabari za friza kwanza, za kwangu baadaye.

Daftari liko kabati ya pili, rafu ya chini. Halijafutwa. Alinikataza kufuta. Mstari mmoja juu ya kosa, tarakimu ya kweli pembeni, na chini nimeandika kwa mkono wangu kilichotokea, kwa penseli, pamoja na jina langu lote mpaka la babu. Mkuu wa kambi aliyekuja baada ya yule aliusoma ukurasa ule kabla ya kutupa kisiwa kingine tukihesabu. Alisema anataka watu hawa. Nimepata barua nyingi za pongezi katika kazi yangu, sijui hata ziko wapi. Ukurasa ule ndio nnaojivunia.

Kwa hivyo, Khalfani, na nyinyi mliocheka na biriani zenu: siku kosa litakapokuwa lako, na linakufaa, na hakuna mwengine duniani anayelijua, utasimama ulitaje?